Mgongo Wangu, Mume Wangu na Jaruba la Mpunga

Kuna mambo mawili ambayo mwenzenu nilikuwa siyawezi kabisa: kuinama na kuchuchumaa. Hapa Dar unaweza kuishi hivyo miaka nenda rudi na hakuna atakayekugundua. Choo cha kukaa, jiko la gesi la kusimama, ofisini kiti cha magurudumu, nyumbani sofa. Kitu kikianguka unamwita dada wa kazi, au unakisukuma kwa mguu mpaka ukutani, atakiokota mwenye mgongo wake.

Lakini mimi nimeolewa Kyela. Kwa wakwe zangu kule Ndandalo jiko ni mafiga matatu chini, ndoo ya maji iko chini, mtoto anaogeshwa kwenye beseni chini, na wakubwa unawasalimia kwa kushuka chini. Maisha yote yako chini, halafu mimi, mwanamke wa miaka 33, nimesimama wima kama mlingoti wa bendera. Fikiria aibu yake.

Ilianza na ndoo. Maji yalikatika mtaani kwetu Tabata, nikaenda kuchota kwa jirani. Ndoo ya lita 20 mkono wa kulia, mtoto kiunoni upande wa kushoto. Nilipoinama kuitua nikasikia kitu kama uzi umekatika kiunoni, nikajikuta nimepiga magoti mlangoni, siwezi kupanda wala kushuka. Siku tatu nililala kitandani. Baba Junior alinifanyia kila kitu: alipika ugali wenye mabonge, alimwogesha mtoto, alinishika mkono kwenda chooni. Nakumbuka nilijisemea moyoni, kweli nimepata mume.

Siku ya nne tukaenda hospitali. Daktari aliitazama picha ya mgongo kwenye taa yake, mimi mwenyewe hakunitazama, akasema: "Huu mgongo ni wa bibi wa miaka 70. Umechakaa. Usiiname, usibebe kitu kizito." Akaandika dawa, akaniambia ninunue mkanda. Dakika tano, tumemaliza.

Msomaji wangu, dawa nilizimaliza kwa wiki mbili. Yale maneno yalikaa na mimi miaka miwili.

Maumivu yenyewe, kusema kweli, yalipungua baada ya mwezi na kitu. Lakini mimi sikurudi kuwa yule wa zamani. Nilijifunza kuamka kitandani kama ubao, kuvaa viatu kwa kuvisukumia mguu, kukaa kwenye kiti kwa kujishusha polepole huku nimeshika meza. Nilikuwa nauona uti wa mgongo wangu akilini kama mnara wa vikombe vya udongo: nikiinama tu, kimoja kitatoka. Junior alikuwa na miaka miwili. Nikaacha kumbeba. Alikuwa anakuja mbio na mikono juu, halafu anasimama mwenyewe katikati ya sebule, ananionyesha kidole anasema, "Mama mgongo." Alidhani ni jina langu la pili.

Na chumbani? Nyinyi ni watu wazima. Mtu anayeuogopa mgongo wake anaogopa mpaka kukumbatiwa. Nilikuwa namwambia mume wangu "taratibu" kabla hata hajanigusa. Mwanzoni alinionea huruma, baadaye akawa ananyamaza, baadaye akawa anageukia ukutani mapema. Siku moja akaniambia, tena kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Junior, mimi naona unajiendekeza." Sikumsemesha siku mbili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba usiku wa siku ya pili nilianza kujiuliza kama hajasema kweli.

VUMILIA!

Baba Junior anacheza mpira wa maveterani kila Jumapili. Kwake yeye msuli ni kama mpira wa manati: umekaza kwa sababu haujavutwa, ukiuvuta kwa nguvu utarefuka, na ukisikia maumivu ndiyo dalili kwamba unarefuka. Basi akaamua kunitibu mwenyewe. Jioni ananilaza kwenye mkeka, ananyanyua mguu wangu ukiwa umenyooka, anauweka begani kwake na kuanza kusukuma kuelekea kichwani kwangu. Huku anahesabu kwa sauti kama askari wa kwata.

"Vumilia! Ishirini na moja, ishirini na mbili..."

"Niache, Baba Junior!"

"Vumilia, bila maumivu hakuna kitu!"

Nyuma ya paja kulikuwa kunawaka moto. Nilibana meno, nilibana ngumi, nilizuia pumzi. Wiki tatu tulifanya hivyo, na wala sitanii, mwisho wa wiki ya tatu mguu ulikuwa unanyanyuka chini kuliko siku ya kwanza. Nikimwona tu anakunjua mkeka, mapaja yanakaza yenyewe. Siku moja nilimpiga teke la kifua bila kukusudia (au kwa kukusudia, Mungu ndiye anajua), na habari ya mazoezi ikaishia hapo.

Sasa najua tulikosea wapi, lakini kujua kwenyewe kulianzia mahali ambapo sikutarajia.

NDANDALO, MWEZI WA PILI

Tulichukua likizo tukaenda kwao kusalimia. Kutoka Dar mpaka Kyela ni zaidi ya kilomita 900. Unafika Mbeya, pale Uyole unakata kushoto kwako kuelekea Tukuyu kwenye baridi, migomba na chai, halafu barabara inaanza kuteremka, unateremka weee, sweta unaivua, dirisha unafungua, na ukifika bondeni joto linakupokea kama mtu anayekudai. Ziwa Nyasa liko meta 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na nchi yote ya kandokando ni tambarare, maji na mpunga. Wapenzi wa wali wa Kyela, ule unaonukia mpaka kwa jirani, huko ndiko unakotoka.

Niliposhuka, baada ya safari ile ndefu, nilikuwa nimekauka kama samaki wa kubanika. Wamama wa ukoo wamekaa mkekani wananisubiri. Kwa heshima ya Kinyakyusa nilitakiwa kushuka chini niwasalimie. Nilijaribu. Nilifika nusu, nikashika nguzo ya nyumba, nikarudi juu nikiwa nimekunja uso, nikawapa mikono nikiwa nimesimama. Wakaniitikia, wakanipokea mizigo, hakuna aliyesema kitu mbele yangu. Jioni, nikiwa nyuma ya nyumba, nikasikia sauti kutoka jikoni: "Mkwe wa mjini huyo, magoti yake ya kioo." Wakacheka. Mama mkwe wangu hakucheka, lakini pia hakunitetea.

Niwaambie kitu kuhusu adabu za kule, ili mjue uzito wake. Zamani mke wa Kinyakyusa hakutakiwa hata kuonana uso kwa uso na baba mkwe wake; anasikia anakuja, anakwepa njia. Mwanazuoni Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, aliyaandika hayo kwa kirefu. Siku hizi mambo yamelegea, baba mkwe nakula naye meza moja na tunabishana habari za Simba na Yanga. Lakini kushuka chini kidogo mbele ya wakubwa, hilo bado lina maana yake. Ukikataa kushuka, watu wanausoma moyo wako. Nani atausoma mgongo?

Kesho yake nikafuatana nao shambani. Ulikuwa msimu wa palizi, mvua imenyesha usiku, majaruba yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mimi nikakaa juu ya tuta na mwavuli wangu. Mbele yangu, bibi yake mume wangu, mzee aliyezidi miaka 70, aliingia kwenye tope, akajikunja kutoka kwenye nyonga kama kisu cha kukunja, magoti karibu yamenyooka kabisa, akaanza kung'oa magugu. Alikaa hivyohivyo. Anasogea hatua, anang'oa, anasogea. Niliangalia saa: dakika 40 kabla hajanyooka, na aliponyooka ni kwa sababu alitaka maji ya kunywa.

Huo ndio mgongo wa bibi wa miaka 70. Nikamkumbuka yule daktari.

Alipokuja kukaa karibu yangu nikamuuliza, wifi akisaidia kutafsiri palipokuwa pagumu, "Bibi, mgongo wako hauumi?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. "Nani amekwambia hauumi? Kila mwaka siku za kwanza unauma mpaka nalala bila kula. Baadaye unanyamaza. Palizi ikiisha, na mimi nakaa. Mwaka mwingine nikirudi unaanza tena kupiga kelele, kama mtoto asiyenijua."

Unanyamaza. Hakusema unapona, hakusema unalainika. Nikalibeba neno lile mpaka Dar.

KUMBE MSULI HAUKUREFUKA

Niliporudi nikaanza kusoma, maana mimi nikishikwa na jambo huwa siachi. Na nilichokuta, mpenzi msomaji, kilinifanya nimwamshe mume wangu saa tano usiku.

Sote tunaamini kwamba ukinyoosha msuli kila siku, msuli unarefuka, ndiyo maana baada ya muda unaweza kugusa vidole vya miguu. Huko Denmark, mwaka 1996, mtafiti Peter Magnusson na wenzake waliwachukua watu wakawanyoosha misuli ya nyuma ya paja kwa karibu wiki tatu, mguu mmoja tu, mwingine wakauacha bila mazoezi ili walinganishe. Mguu wa mazoezi ukaweza kwenda mbali zaidi, kama ulivyotarajia. Lakini walipopima mvuto wa msuli wenyewe, kwenye pembe ileile ya zamani ulikuwa unavuta vilevile kama mwanzo. Msuli haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mguu alivumilia kuvutwa zaidi kabla ya kusema "basi, hapo hapo."

Mwaka 2010 Australia wakafanya jaribio kubwa zaidi: dakika 30 za kunyoosha kila siku ya mazoezi, kwa wiki sita. Jibu likawa lilelile. Mwaka huohuo Magnusson na mwenzake Cynthia Weppler wakaandika makala ndefu wakiuliza swali waziwazi: je, tunaponyooka zaidi ni msuli umeongezeka urefu, au ni hisia zetu zimebadilika? Wao wakaegemea hisia. Nisiwadanganye kwamba msuli ni jiwe. Wanaonyoosha kwa nguvu na kwa muda mrefu, kwa mfano wacheza sarakasi, msuli wenyewe unaweza kubadilika. Lakini kwa mimi na wewe tunaonyoosha wiki chache tukachoka, sehemu kubwa ya ile faida iko kwenye uvumilivu wa mvuto, yaani kwenye mfumo wa fahamu.

Kuna jingine lililonichekesha. Marekani, mwaka 2001, walipima wagonjwa waliokuwa wanasubiri upasuaji wa goti. Baada ya kupigwa sindano ya ganzi ya mgongoni, misuli ileile, kwa mtu yuleyule, siku ileile, iliachia mguu ukanyooka zaidi. Hakuna aliyewanyoosha wiki tatu. Waliondolewa tu yule mlinzi.

Nasema mlinzi kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuja kuelewa. Ndani ya misuli na maungio kuna neva zinazopeleka taarifa juu: huku tunavutwa, huku panabanwa, huku pana joto. Hizo ni taarifa tu. Ubongo ndio unaozipima pamoja na mambo mengine: nilishaumia hapa? niko salama? daktari alisema nini? Ukiona hatari, unaleta maumivu na unaamuru misuli ikaze. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilirekebisha tafsiri yake ya maumivu mwaka 2020, na bado kinasisitiza kwamba maumivu ni jambo la mwili na la hisia za moyo kwa pamoja. Maana yake si kwamba unajisingizia. Maumivu yangu yalikuwa ya kweli, na machozi yangu yalikuwa ya kweli. Ila kuuma na kuharibika si kitu kimoja. Kengele inaweza kulia kwa sababu ya mwizi, na inaweza kulia kwa sababu ya paka.

Sasa mfikirieni Baba Junior anavyonisukuma mguu huku anapiga kelele "vumilia." Mlinzi wangu anaona nini? Mtu mzito, sina uwezo wa kumzuia, pumzi imekatika, maumivu yanapanda. Kila jioni tulikuwa tunampa ushahidi kwamba kuna hatari, halafu tunashangaa kwa nini amezidi kukaza! Wataalamu wawili, Johan Vlaeyen na Steven Linton, mwaka 2000 waliueleza vizuri mzunguko huu kwa watu wa mgongo: unaumia, unaogopa, unakwepa, mwili unakakamaa kwa kukaa bure, ukijaribu tena unauma zaidi, unaogopa zaidi. Nilisoma nikaona kama wameandika kuhusu sebule yangu.

Na ile picha ya mgongo? Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 33 zenye picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi kabisa. Miongoni mwa wenye miaka 30, zaidi ya nusu walikuwa na dalili za uchakavu wa pingili. Wenye miaka 40, karibu watu saba kati ya kumi. Hawaumwi! Wanabeba ndoo zao na kucheza muziki harusini. Laiti yule daktari angeniongezea sentensi moja tu: "lakini wengi wako hivi na hawana habari."

NGAPI?

Nilitafuta mtaalamu wa fiziotherapia, mama mmoja mtaratibu aliyesomea Moshi, KCMC. Hakuanza na mguu. Aliniuliza, "Unaogopa nini kitatokea ukiinama?"

Nikasema, "Kitakatika."

"Nini kitakatika?"

Nikanyamaza. Miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mimi mwenyewe sikujiuliza.

Akanilaza chali, akaniambia nikumbatie magoti kifuani, goti moja kwanza, halafu yote mawili. Nikafanya, mbona ni raha tu. Akaniacha nikapumua kidogo, akasema, "Unajua kiuno chako sasa hivi kimejikunja kama mtu aliyeinama kuokota kitu? Tofauti ni kwamba umelala." Nikabaki nimeduwaa na magoti yangu kifuani. Mlinzi alikuwa hajapiga kengele kwa sababu hakujua kwamba kule ni kuinama.

Tulianzia hapo. Kulala na kukumbatia magoti. Kisha kukaa kitini na kutelemsha mikono kuelekea vifundo vya miguu. Kisha kusimama na kuiendea meza, wiki nyingine kuiendea stuli, wiki nyingine ndoo tupu iliyogeuzwa. Hakuna kubana pumzi. Na kipimo changu kilikuwa namba: sifuri ni hakuna kitu, kumi ni kama kuzaa. Nisogee mpaka nne, nisimame hapo, nipumue nusu dakika. Ikishuka ikawa mbili, nisogee tena kidogo. Isiposhuka, nirudi, hakuna aibu. Ajabu ni kwamba mara nyingi ilishuka. Palepale, sekunde ya 20 au 25, unauhisi mvuto uleule unaanza kupoteza makali yake, kama jirani mwenye redio aliyepunguza sauti. Nikamkumbuka bibi.

Mume wangu alikuja mara moja kliniki, amekunja mikono kama shahidi mahakamani. Yule mama akampa kazi: ashike kisigino changu kwa kiganja, asisukume hata kidogo, aulize tu, "Ngapi?" Nikisema nne, asimame. Nikisema rudi, arudishe bila maoni. Baba Junior aliona ni mchezo wa watoto. Lakini nyumbani, jioni ya tatu au ya nne, nilipokuwa nimelala mkekani na kisigino changu kiganjani mwake, aliuliza "Ngapi?", nikasema "Mbili," na nikaona uso wake unabadilika. Mguu ulikuwa umepita pale ambapo zamani tulikuwa tunapigania. Akaniambia, "Kumbe nilikuwa nakuumiza."

Sikumjibu. Nilikuwa nimechoka kuwa na hasira naye.

Neno "ngapi" likahamia maisha mengine. Siku hizi nikirudi kazini nimenuna anauliza, "Hasira ngapi?" Nikisema saba ananiachia chumba. Na usiku pia anauliza, kwa sauti nyingine, na mengine hayo hayawahusu.

Jamani, nisije nikamponza mtu. Si kila maumivu ya mgongo ni ya kubembelezwa mkekani. Ukipata ganzi sehemu za siri au mapaja kwa ndani, mkojo au haja kubwa ikashindwa kuzuilika au ikagoma, mguu ukapoteza nguvu, ukawa na homa au unapungua uzito bila sababu, au umeanguka na kuumia vibaya, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiniletee habari za magoti kifuani. Na wakati wa kunyoosha, maumivu ya kuchoma ghafla au ya umeme unaoshuka mguuni si ya kusubiri yanyamaze. Acha.

TUKARUDI

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili tena, tulikuwa Ndandalo. Mbele ya wale wamama nilishuka. Nilishuka taratibu, goti la kushoto lilipiga kak, mama mmoja akasema kitu kwa Kinyakyusa nikasikia "mjini" ndani yake, lakini nilifika chini, nikasalimia, nikakaa palepale mpaka salamu zikaisha, na salamu za kule haziishi upesi. Shambani nilipalilia mstari mmoja. Mmoja tu, usinicheke. Bibi alipalilia mitano, akarudi kukagua wa kwangu, akang'oa magugu niliyoyaacha.

Usiku huo niliumwa kiuno chote. Nikalala nikisikiliza mvua kwenye bati nikijiambia: namba tano, inashuka.

Nilikuwa nataka kuwaachia picha hiyo nzuri ya watu wa shamba wenye migongo ya mpira, lakini haitakuwa kweli. Usiku wa pili, wanaume wakiwa nje na mazungumzo yao, mama mkwe wangu aliniita chumbani kwake. Akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sijabeba ile dawa ya kuchua ambayo aliona nikijipaka mwaka jana. Nikasema ninayo. Akalala kifudifudi mkekani, akapandisha blauzi.

"Hapa," akasema. "Na hapa. Usiku silali, mwanangu. Mwaka wa sita huu."

Mama yule anainama na kugusa ardhi kwa viganja. Sijawahi kumwona akishika kiuno. Nikamuuliza kama baba anajua. Akasema, "Nimwambie ili afanye nini? Nani atapalilia?" Kisha baada ya muda akaongeza, uso ukiwa bado umeuelekea mkeka, "Mwaka jana nilikukasirikia. Mimi naumwa na nainama. Wewe hukuinama, nikajua hutaki."

Nilimwambia kuhusu namba. Nilimwambia kuhusu yule mama wa kliniki, na kwamba tutakapoondoka tutapitia Mbeya, kuna hospitali kubwa, tumpeleke akaangaliwe vizuri, mwaka wa sita ni mwingi. Hakukubali wala hakukataa. Nikawa naendelea kuchua, kiuno, mabega, tena kiuno, nikimuuliza, "Hapa ngapi, Mama?" naye akinitajia namba kama mtoto anayejifunza kuhesabu: nane, nane, saba, hapo sita.

Nilipotaka kuinuka ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimechuchumaa muda wote ule. Miguu yote miwili imekufa ganzi, haisikii amri. Nikaangukia makalio. Mama mkwe akageuka, akaniona nilivyokaa kama gunia, akaanza kucheka bila sauti mpaka mkeka ukatikisika, na mimi nikacheka, na mume wangu akagonga mlango kuuliza mbona tunacheka, na hakuna aliyemwambia.